Kamba Chini ya Mlango

Watu wa Nyaramba hupenda kusema kwamba Mzee Abner Ogoti alivunjwa na ndizi, na yeye kila akisikia hivyo hukasirika. Ukweli ni kwamba alivunjwa na pikipiki. Ndizi zilikuwa mzigo tu, mikungu mizima imefungwa kwa mipira huku na huku, na mwendeshaji alikuwa akiteremka kuelekea sokoni huku akiongea na simu aliyoisokomeza ndani ya kofia. Abner alikuwa anatoka kupima majani yake ya chai. Alisikia honi, akageuka ampishe, akageukia upande ule ule ambao pikipiki ilikuwa imeelekea.

Jambo lililomshangaza ni kwamba hakusikia uchungu papo hapo. Alijikuta ameketi matopeni, akauona mguu wa kulia umelala kando yake, unyayo ukiangalia upande usio wake, akajiuliza ule ulikuwa mguu wa nani. Kisha baridi ikamwingia, meno yakaanza kugongana, na ilikuwa saa sita mchana na jua linawaka. Uchungu wenyewe ulimkuta vijana walipomwinua kumwingiza ndani ya gari la Probox. Hapo alipiga kelele ambazo sokoni wanazikumbuka mpaka leo.

Hospitalini mjini Kisii walimweleza mwanawe Bosire kwamba mfupa wa paja umevunjika karibu na goti, na kwamba paja la mtu mzima linaweza kumeza zaidi ya lita ya damu bila hata tone moja kudondoka nje. Ile baridi ilikuwa ni damu inayojificha. Wakamwongezea damu, wakampasua, wakampigilia bamba la chuma kwa skrubu, wakamshona. Alipoondoka walimwambia aanze kukunja goti mapema, kila siku, hata kama linauma. Aliwasikia vizuri. Shida ni kwamba alikuwa anarudi nyumbani, na nyumbani kuna watu wanaompenda.

Mgonjwa wa Kisii hapumziki peke yake. Walikuja watu wa kanisa, walikuja majirani, walikuja hata wale aliogombana nao juu ya mpaka wa shamba. Walileta maziwa, ndizi mbivu, kuku. Kila aliyeingia alisema, "Usijisumbue, mzee, tulia hivyo hivyo." Mkewe, Drusilla, aliulaza mguu juu ya mito miwili, umenyooka, na Abner akijaribu kuusogeza kidogo tu, akiguna kidogo tu, mama huyo alikimbia na kikombe cha chai. Basi mzee akanenepa uso na paja likakonda, na goti likakaa vile lilivyolazwa. Mapenzi ni kitu kizuri, lakini hayajui kazi ya goti.

Aliporudi kliniki alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa Kitui aitwaye Maureen, mwenye mikono mifupi yenye nguvu na mdomo usio na breki. Aliyemsindikiza Abner alikuwa Kemuma, mke wa Bosire. Bosire mwenyewe alikuwa na kibanda chake cha mitumba Daraja Mbili, huko mjini Kisii, amepanga chumba mtaa wa Nyanchwa, na nyumbani alifika mwisho wa juma tu. Naye Drusilla Kiswahili chake ni cha sokoni, kinaishia kwenye bei. Kwa hiyo Kemuma ndiye aliyekwenda, akaketi kiti cha nyuma na mkwewe mbele, na walipofika akasimama nje ya pazia.

Maureen alilishika goti, akalikunja. Lilikunjika kidogo likagoma, kama mlango uliozuiwa na jiwe.

"Mzee, mfupa wako uko sawa," alisema. "Nimeona picha, umeshikana vizuri sana. Kinachokufa ni goti."

"Goti halikuvunjika," Abner alisema.

"Halikuvunjika, lakini limeshikwa. Sikiliza. Mtu akiumia, mwili haupimi kama fundi. Unamwaga gundi kila mahali. Gundi ile ile inayounga mfupa inashikisha nyama kwa mfupa na ngozi kwa nyama. Unajua utomvu wa ndizi?"

"Nitakosaje kuujua?"

"Ukiwa mbichi unafutika. Ukikauka je?"

Abner alitazama shati lake. Ana mashati matatu yenye madoa ya utomvu, na Drusilla ameyafua mpaka amechoka.

"Ndani ya paja lako kuna utomvu, na haujakauka wote. Nataka hili goti likunjike kama kona ya meza, kwanza, halafu tuendelee. Mwezi huu. Ukichelewa, litabaki hivi, ama urudi kupasuliwa, na hata hapo siahidi kitu." Akamtazama. "Choo chako ni cha kukaa ama cha kuchuchumaa?"

Nje ya pazia Kemuma alikohoa.

"Cha shimo," Abner alisema, akiangalia dari.

"Basi unajua unafanyia nini mazoezi. Mguu ulionyooka hauchuchumai."

Alijua sana. Nyumbani alikuwa anatumia kiti ambacho Bosire alikitoboa tundu katikati, na ndoo chini yake, na kila asubuhi Drusilla aliibeba ile ndoo akipita nayo uani, amefunika kwa jani la mgomba, na kila mtu akijifanya haoni. Abner alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa amezika wazazi, amesomesha watoto, amewahi kusimamia kituo cha majani ya chai. Na kila asubuhi alisikia mpini wa ndoo ukilia, akafumba macho. Hilo lilimuuma kuliko mfupa, nasema kweli.

"Nani atakusaidia nyumbani?" Maureen aliuliza, akalivuta pazia. "Ni wewe, mama? Njoo nikuonyeshe. Mkono mmoja unashika hapa juu ya goti, mwingine kwenye kifundo."

Abner alikuwa amevaa bukta. Kemuma aligeuza uso ukutani upesi kama aliyechomwa.

"Nitasikia nikiwa hapa, daktari," alisema.

"Utasikia nini na hii ni kazi ya mikono? Njoo, mama! Mficha uchi hazai!"

Maskini Maureen, methali ilikuwa sahihi kabisa, lakini alikuwa ameitupa mahali pabaya. Kwa Abagusii, ndio Wakisii, kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya na heshima inayotenganisha mzazi na mtoto wake. Baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe, haingii nyumbani kwake, na paja lake si la kuonwa na mwanamke huyo, seuze kushikwa. Hakuna aliyemweleza Maureen hayo. Kemuma alisikiliza maelekezo yote akiwa amelipa pazia kisogo, kisha wakarudi Nyaramba.

Drusilla alijaribu. Alishika vile Kemuma alivyomweleza, akasukuma, mumewe akapiga kelele, naye akaachilia na kuanza kulia. Wakalia wote wawili, kisha wakanywa chai. Jumapili Bosire alijaribu naye. Huyo alivuta kama anayemtoa mbuzi kwenye shamba la jirani, goti likavimba, na siku kadhaa zikapotea wakisubiri uvimbe ushuke. Wakati wote huo utomvu ulikuwa unakauka. Abner aliuhisi hasa, kila asubuhi paja likiamka gumu kidogo kuliko jana.

Mtu wa kufanya kazi ile alikuwepo, na kila mtu alimjua. Kemuma ndiye aliyesikia maelekezo, ndiye asiyetishwa na kelele, na mikono yake ilikuwa imezoea kuvuta maji na kufunga ng'ombe. Lakini hakuna aliyemtaja. Ungemtaja vipi?

Basi siku moja Kemuma alimwita mama mkwe wake jikoni, akamwambia amefikiria jambo. Ndani ya nyumba kuu kulikuwa na benchi refu la mninga, na mlango wa nyuma wa nyumba ile ulikuwa na mwanya chini, kuku waliupita walivyotaka. Mzee aketi kwenye benchi, mgongo wake uelekee mlango. Mama amfunge kitambaa kwenye kifundo cha mguu, juu ya kitambaa kamba ya ng'ombe. Kamba ipite chini ya benchi, ipite chini ya mlango, itoke uani. Mtu aliye uani akivuta, unyayo utarudi nyuma na goti litakunjika.

"Na mtu huyo wa uani ni nani?" Drusilla aliuliza.

"Mlango umefungwa," Kemuma alisema. "Ndani mtu ataona kamba tu."

Drusilla alimpelekea mumewe habari. Abner alitafuta kosa katika ule mpango. Chinsoni inakataza kuona, inakataza kugusa. Kamba haikutajwa na mtu yeyote, tangu enzi za babu zake.

Wakaanza. Maureen alikuwa amesema mvuto usiwe wa kushtukiza, uwe wa polepole, kisha ushikilie pale panapouma. Ushikilie mpaka lini? Abner alisema ataimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa, na ubeti ukiisha kamba ilegezwe. Ulikuwa utaratibu mzuri, ila mzee ana hila. Siku ya pili tu alianza kuimba mbio mbio, kwaya nzima ingeishiwa pumzi. Kemuma alimwacha amalize mara moja. Mara iliyofuata aliupokea wimbo kutoka uani, kwa mwendo wa matanga, akiburuta kila neno, na kamba haikulegezwa mpaka yeye alipofika mwisho.

Ndani, Abner alitokwa na jasho na hasira. Lakini mtu hamtukani mke wa mwanawe. Akaitukana kamba.

"Kamba hii ni jinga sana! Kamba hii haina huruma, haikufunzwa kwao!"

Halafu akasikia Kemuma akisema na kuku.

"Kuku, mwambie anayelalamika kwamba kamba ilitumwa kazi na daktari."

"Kuku, iambie kamba nitaikata!"

"Kuku, kamba imesikia. Inauliza kama tuko tayari kwa ubeti wa pili."

Drusilla alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo mambo yote ya mguu yalipitia kwa kuku, hata pale ambapo kuku wenyewe walikuwa wameenda zao migombani. Sabato ilipofika Abner alidai kwamba kuvutwa kamba ni kazi, na siku ya Bwana mtu hafanyi kazi. Drusilla akamkumbusha kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato Biblia inaruhusu atolewe. "Na wewe hujatumbukia bado," aliongeza, "shimo lenyewe unalitafuta hulipati." Wakavuta.

Goti likaanza kutii, polepole, kwa kuuma sana. Lakini lilipokaribia kona ya meza likakwama. Siku ya kliniki ikawa inakaribia na bado limekwama.

Kisha kukawa na matanga ng'ambo ya mto, na Drusilla ilimbidi kwenda. Alimfunga mumewe kamba kama kawaida ili ajizoeze mwenyewe kwa kuishika nyuma ya benchi na kujivuta taratibu, ncha ikabaki uani, akaondoka. Kemuma alikuwa uani akimenya maharagwe. Makubaliano yalikuwa kwamba kamba haivutwi bila Drusilla kuwa ndani. Lakini Abner alishachoka kungoja. Akagonga benchi kwa fimbo.

"Kuku, iambie kamba ianze."

"Kuku, mwenye nyumba hayupo."

"Kuku, mwenye nyumba ni mimi!"

Kemuma alisita. Kisha akaishika kamba, akavuta, kwa uangalifu kuliko siku zote. Abner alianza ubeti. Lakini kichwani mwake kulikuwa na mpini wa ndoo unaolia, na badala ya kuegemea nyuma kama alivyozoea kukwepa uchungu, akainama mbele na kuusukuma mguu yeye mwenyewe, kwa nguvu zake zote, ndani ya uchungu. Kitu kikachanika. Alikisikia kwa masikio, sauti ya kaniki inayoraruliwa, akateleza kutoka kwenye benchi akaangukia sakafu. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Alilala ubavu, mguu uko chini yake, na uchungu ulikuwa mkubwa hata hakuweza kupumua. Chuma kimekatika, aliwaza. Nimejivunja mwenyewe. Na papo hapo akawaza jambo la pili, kwamba bukta ilikuwa imepanda juu, na lile kovu refu lilikuwa wazi kuanzia juu ya paja hadi gotini, na Kemuma anaweza kuingia. Wanaume! Mtu amelala pale anafikiri amebaki kilema, na bado anahangaika na bukta.

"Tata?" Kemuma aliita, ndiyo kusema baba. Hakumwambia kuku. "Tata, umeumia?"

Abner alikuwa bado anapigania pumzi. Akasikia komeo likiinuliwa. Mlango ukafunguka kidogo, na leso ikarushwa ndani, ikamwangukia tumboni.

"Jifunike, Tata. Naingia."

Alijifunika. Kemuma akaingia kinyumenyume, uso ukiangalia uani, akipapasa sakafu kwa visigino, na nyuma ya mgongo wake alikuwa ameshika mpini wa jembe kwa mikono miwili, umelala. Akaja hivyo mpaka kisigino kilipogusa benchi.

"Shika mpini."

"Nimevunjika tena, mwanangu."

"Unahisi mfupa ukisagana?"

Abner alitulia, akasikiliza mwili wake. Aliujua ule msago tangu siku walipomwinua matopeni, na huu haukuwa huo. "Hapana," alisema.

"Basi shika mpini. Unyayo wa mguu mzuri uweke mbele. Lile goti la ugonjwa liweke chini. Daktari alisema ndivyo mtu anavyoamka akianguka."

"Goti hilo halikunjiki, si unajua?"

"Mimi siwezi kuangalia," Kemuma alisema. "Angalia wewe."

Abner aliangalia. Chini ya leso, goti lake lilikuwa limekunjika. Lilikuwa limeipita kona ya meza na kwenda mbele, limelala pale kama goti la mtu yeyote. Alilitazama na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, kwa kuwa aliyekuwepo alikuwa amempa kisogo.

Akaweka unyayo mmoja mbele, akapiga goti kwa lile lingine, akaushika mpini, akajivuta. Aliona visigino vya Kemuma vikizama kwenye sakafu ya udongo, na mishipa ya shingo yake ikisimama kwa uzito. Wiki zote zile alizoea kufikiri kwamba anavutwa na kamba. Alipokwisha kuketi kwenye benchi, Kemuma alitoka vile vile bila kugeuka, akarudishia mlango, na Abner akamsikia huko nje akipumua kwa nguvu, kisha akimpigia Bosire simu.

Bosire alimfikisha kliniki siku ile ile, goti limefura. Wakapiga picha. Maureen aliiangalia, akaiangalia tena, halafu akamgombeza kama mtoto.

"Chuma kiko mahali pake. Kilichochanika ni ule utomvu. Lakini usirudie, mzee! Mwingine angevunja mfupa na angerudi kwa machela. Barafu, mguu upumzike uvimbe ushuke, kisha endelea polepole kabla utomvu haujashika tena." Akalipima. Kona ya meza na zaidi. "Nani alikuwa anakuvuta?"

Abner alielekeza kidole kwenye pazia. Chini ya pazia ilionekana miguu ya Kemuma, imesimama, visigino vimeelekea ndani. Maureen alifungua mdomo, safari hii akaufunga.

"Sawa, mama," alisema. "Endelea kusikia hapo hapo."

Kamba ilivutwa wiki nyingine kadhaa, Drusilla akiwa ndani kila mara. Mguu haukurudi kuwa ule wa zamani. Mvua ikikaribia bamba linauma, na kwenye mteremko wa chai Abner anatembea kwa fimbo na kuwaachia wengine safu za chini. Lakini asubuhi moja alikwenda peke yake mpaka nyuma ya migomba, akafunga mlango wa mabati, akachuchumaa akishikilia kigingi alichopigilia Bosire. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Drusilla akapiga kelele kutoka jikoni kuuliza kama amekufa. Akajibu kwamba hajawahi kuwa hai namna hii, na aachwe.

Alipotoka alikwenda akaichukua kamba kwenye msumari wake, akaikunja vizuri, akateremka nayo hadi kwenye ua wa nyumba ya Bosire. Hapo ndipo baba mkwe husimama. Kemuma alikuwa uani anamenya ndizi mbichi, mikono ameipaka mafuta utomvu usimshike. Alimwona mkwewe, akainamisha uso kama inavyopasa.

Abner angeweza kuitundika kamba kwenye ua. Angeweza kumpa Drusilla ailete. Badala yake aliegemeza fimbo kwenye mti, akakunja magoti yote mawili, taratibu, akashuka mpaka akachuchumaa chini kabisa, akaiweka kamba kwenye nyasi. Alibaki pale kidogo, akipumua. Kisha akainuka bila kushika kitu. Kisu cha Kemuma kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi.

"Kuku," Abner alisema, "mwambie mwenye kamba..."

"Hakuna kuku hapa, Tata," Kemuma alisema, bado ameinama.

"Najua," Abner alisema. "Ni wewe ninakuambia. Asante, mwanangu."